Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: piano moja, mtu mmoja na habari za bibi

Kila baada ya onyesho watu hunisimamisha mlangoni na kuuliza yaleyale, na wengine huyatuma kwenye simu usiku wa manane. Nimeyakusanya hapa. Nimeyapa namba ili nisirudie maneno. Panaposema "tazama swali la 10", tazama kweli.

## Mwanzo

1. Hili ni tamasha la muziki, mchezo wa kuigiza au utambaji wa hadithi?

Yote matatu, na ndiyo maana anayekuja kwa moja tu huondoka ananung'unika. Jukwaani pana piano, kiti, jamvi na mimi. Kwa saa moja na robo nahadithia maisha ya bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Pemba, akachuma karafuu, akaolewa Unguja na kuzeekea Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Nasema kwa sauti yake, kwa sauti ya babu, na kwa sauti ya wifi yake ambaye hawakupikika chungu kimoja. Baina ya maneno napiga piano. Hakuna mwigizaji mwingine wala bendi nyuma ya pazia.

Jambo moja nilitangulize: muziki haukuwekwa kupamba. Yapo mambo ambayo bibi hakuyasema hata alipobembelezwa. Hayo siyatungii maneno. Nayapiga.

2. Kwa nini piano, na hapa petu pana kanuni, udi na fidla?

Jibu la kwanza ni la kivivu: ndicho chombo nilichokikuta. Skuli niliyosoma ilikuwa na piano moja kuukuu, vibao vyake vitatu bubu, na mwalimu aliyefurahi kupata mtoto wa kumfundisha.

Jibu la pili ni woga. Kanuni na udi zina wenyewe. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na masikio ya wazee wa vikundi hivyo vya taarabu hayasamehe. Kwenda na kanuni mbele yao ni kama kumfundisha Mpemba kupanda mkarafuu.

Jibu la tatu nililijua baadaye, na ndilo ninalolisimamia. Piano ni mgeni katika habari za bibi. Mgeni huuliza mambo ambayo mwenyeji huona haya kuyauliza.

3. Mtindo huu umeubuni wewe?

La. Mfano ninaoutaja sana ni wa mpiga piano wa Marekani, Mona Golabek. Mama yake, Lisa Jura, alikuwa binti wa Kiyahudi wa Vienna aliyekuwa akisomea piano. Mwaka 1938, akiwa na miaka 14, wazazi wake walimpandisha treni kwenda Uingereza katika mpango uliookoa karibu watoto 10,000 kutoka kwenye mikono ya Wanazi. Nafasi ilikuwa moja na mabinti walikuwa watatu. Lisa aliishi na watoto wenzake katika nyumba moja ya barabara ya Willesden Lane, London, akaendelea kupiga piano vita vikiwa juu yake. Miaka mingi baadaye binti yake alikaa kwenye piano jukwaani, peke yake, akawa anahadithia kwa kinywa cha mama yake na kupiga vipande alivyovipiga mama, pamoja na konseto ya Grieg, kipande kirefu cha piano na okestra, ambayo mama alikuwa na ndoto ya kuipiga. Onyesho hilo lilianza Los Angeles mwaka 2012 chini ya uongozaji wa Hershey Felder, ambaye naye ni mpiga piano wa jukwaa la mtu mmoja.

Nilichojifunza kwake si machozi. Nilijifunza kwamba kila kipande cha muziki lazima kiwe na mwenyewe ndani ya hadithi: nani alikipiga, wapi, na kwa nini siku ile. Kipande kisicho na mwenyewe nakitoa, hata kiwe kizuri namna gani. Nimetoa vingi, na viwili bado vinaniuma.

Na hata kwetu mbegu ilikuwapo. Mtambaji wa "Paukwa!" hucheza watu wote peke yake. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, aliimba visa vya kweli vya mji, hata vilivyofika mahakamani, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa kwenye santuri kule Bombay. Mji ulikuwa ukisikia habari zake wenyewe kupitia koo la mtu mmoja.

4. Una uhusiano wowote na Freddie Mercury?

Hapana. Ndiyo, mwimbaji huyo wa Queen alizaliwa hapa Unguja, Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Piano alianza kujifunza India alikopelekwa skuli. Watalii huniuliza hili kabla hata sijainuka kwenye kiti.

5. Ulisomea wapi?

Skuli kwanza, kama nilivyosema, halafu kwa walimu wa nyumbani, halafu kwa kuiba kwa macho. Kwa kijana wa leo njia ni nyepesi zaidi: chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile ambacho watu hukiita DCMA, kilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na kimefundisha vijana wengi vyombo vya taarabu na nadharia ya muziki. Uigizaji sikuusomea. Niliupata kwa kukaa jikoni na shangazi zangu.

## Habari za bibi

6. Yote unayoyasema ni kweli?

Ni kweli kama ukoo wetu unavyoyajua, na hiyo si sawa na kweli ya karani. Mfano: kwetu husemwa kwamba babu yake bibi alihamia Pemba "baada ya tufani". Tufani yenyewe ipo. Ilipiga Aprili 1872, ikaangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Lakini bibi alizaliwa miaka ya 1930. Ukihesabu vizazi vizuri, mzee huyo alihamia kabla hajazaliwa.

Nilitaka kulitoa. Kisha nikaona ni bora kuliko kweli. Siku hizi nalisema jukwaani kama nilivyolisikia, halafu nahesabu miaka kwa vidole mbele ya watu, wakubwa wanaanza kucheka, nami nayarudia maneno yale kwa sauti ya mjomba: "Alihamia baada ya tufani, basi!" Inaonekana kila ukoo una tufani yake.

7. Ulizipata vipi habari hizo?

Nyingi kwa kukaa kimya. Ukimwendea mzee na kinasa sauti ukamwambia "bibi, nieleze maisha yako", atakuambia alizaliwa, akaolewa, akazaa, alhamdulillahi. Habari hutoka mikono ikiwa na kazi. Mimi nilizipata nyingi msimu wa karafuu, tumekaa jamvini tunachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo, na bibi alikuwa akikumbuka pishi zake za usichana moja moja, nani alimpunja na nani alimwongezea. Kwa mlango wa pishi nikaingia kwenye mambo ya ndoa yake ya kwanza, ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ilikuwapo.

Nyaraka za taifa zilizoko Kilimani, mjini Unguja, nazo zinasaidia: barua za serikali, magazeti ya zamani, hati za mashamba. Usitarajie kumkuta bibi yako humo kwa jina. Nilichokipata mimi ni bei za karafuu za miaka yake, na bei hizo zilinieleza kwa nini mwaka fulani hakununuliwa kanga mpya ya Idi.

Picha ziulizie upande wa nyuma. Kwetu, anayepiga picha huandika nyuma, na mwandiko wa nyuma una habari kuliko nyuso za mbele.

8. Jamaa zako wanaonaje kuwekwa hadharani?

Wamegawanyika. Kabla ya onyesho la kwanza niliwakusanya kumi na moja barazani, nikasoma mswada wote kuanzia juu hadi chini. Yakaondolewa mambo matatu. Mawili nilikubali papo hapo, kwa sababu yalikuwa ya watu walio hai. La tatu niligombana, nikashindwa, na pale lilipokuwa pana dakika nne za piano bila neno hata moja. Ajabu, hapo ndipo watu wengi huniuliza "pana nini pale?" Sijibu, na usiniulize.

Kanuni yangu tangu siku ile: aliye hai ana haki ya kukataa, aliyekufa anasemewa na mtoto wake mkubwa. Tazama pia swali la 21.

9. Mapinduzi ya 1964 yamo?

Yamo, kwa sababu bibi alikuwa hai. Alfajiri ya Januari 12 alikuwa jikoni. Nakaa na hilo tu: jiko, mlango uliofungwa, nani alibisha na nani hakurudi. Ukoo wetu ulikuwa na watu pande zote, kama koo nyingi hapa, na baadaye mmoja akawa Muscat, mwengine London, mwengine Dar es Salaam. Bibi alisema kwa vyakula alivyokosa na barua alizosubiri. Nikianza kuhukumu pale jukwaani nitakuwa nasema mimi, si yeye.

## Muziki

10. Mbona pana mahali unaacha piano na kuimba peke yako, tena unaonekana kama umekwama?

Kwa sababu nimekwama kweli. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Piano imegawa ngazi ya sauti katika hatua 12 zinazolingana. Kati ya kibao cheupe na cheusi kinachokifuata hakuna kitu; ukitafuta sauti hapo utakuta mbao. Taarabu yetu imekulia kwenye makamu, yaani ngazi za sauti, za Kiarabu, na inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri akajifunze kanuni. Baadhi ya makamu hizo piano inaziweza: Nahawandi, Hijazi, Kurdi, Ajami. Nyengine haiziwezi. Bayati ukiianzisha kwenye Re, sauti yake ya pili inakaa kati ya Mi na kibao cheusi kilicho chini yake. Rasti, Saba na Sika nazo zina sauti za namna hiyo. Mpiga udi anasogeza kidole, mpiga fidla hali kadhalika, mpiga kanuni ana vijiti vya kuinulia nyuzi. Mpiga piano anatazama dari.

Sasa, bibi alikuwa na wimbo wa kuchambulia karafuu, wa maneno machache, usio na jina. Unakwenda kwa Bayati. Nilipoupiga mara ya kwanza niliisogeza ile sauti juu kidogo, ukawa wimbo wa skuli. Nikaisogeza chini, ukawa wa huzuni ambayo haikuwamo. Mara zote mbili ulikuwa wimbo wa mtu mwengine.

Kwa hiyo onyesho zima limejengwa kuizunguka sauti ile. Mara tatu piano inaufikia wimbo wa bibi na kusimama hatua moja kabla. Mara ya nne naondoa mikono na kuimba. Naimba vibaya, mimi si mwimbaji. Nilivyojua kwamba nilikuwa nikikosea, tazama swali la 22.

11. Si kuna vinanda vya umeme vyenye robo za sauti za Kiarabu? Ungebonyeza tu.

Vipo, na vizuri. Pana hata fundi wa Beirut aliyewahi kuunda piano ya mbao yenye uwezo huo. Lakini nikibonyeza, hadithi imekwisha. Ninachohadithia ni mjukuu aliyesomeshwa chombo kisichoweza kuimba wimbo wa bibi yake.

12. Unatumia piano ya mbao au ya umeme?

Ya mbao nikiipata, ya umeme siku nyingi. Piano ya mbao ina vibao 88 na nyuzi zipatazo 230, na kila uzi una adui wake hapa. Masika, Machi mpaka Mei, ubao wa sauti unakunywa unyevu na kuvimba, nyuzi zinakazika, sauti inapanda, kiangazi inashuka. Upepo wa bahari unaleta chumvi na kutu. Halafu mchwa. Niliwahi kufungua piano ya hoteli moja, siitaji, nikakuta kiota cha panya kilichofumwa kwa sufu za nyundo zake. Kilikuwa kimefumwa vizuri kuliko jamvi langu.

Ya umeme haijui masika, ila inajua giza. Aliyekuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu, haamini soketi ya ukutani hata leo. Natembea na betri. Ukinialika, usiniambie "jenereta ipo". Niambie iko umbali gani na jukwaa, kwa sababu mngurumo wake una sauti, na sauti hiyo haimo katika makamu yoyote.

13. Unawezaje kusema na kupiga kwa pamoja?

Kwa mazoezi ya kuchosha. Kwanza mikono inajifunza mpaka haikuhitaji. Kisha naipiga huku nikisoma bei za sokoni kwa sauti. Kisha maneno yenyewe. Siri ni pumzi: mwanzoni nilikuwa nikivuta pumzi kila penye mwanzo wa msitari wa muziki, nikasikika kama mtu anayepanda ngazi.

## Kuja kutazama

14. Ninaruhusiwa kupanda kutunza?

Hili nalijua, sisi ni watu wa taarabu. Wimbo ukikugusa unainuka, unajisogeza mdogo mdogo na noti yako mkononi, na kila mtu anaona umeinuka penye ubeti gani na unamsema nani. Kwangu naomba usubiri mwisho. Nikiwa ni bibi aliyefiwa, siwezi kupokea shilingi elfu kumi na kuinamisha kichwa.

Limewahi kutokea. Mama mmoja wa makamo aliinuka katika tukio la msiba, akaja taratibu, akaweka noti juu ya piano na kusema, "Ya sanda." Kisha akarudi kukaa. Sikujua la kufanya, nikaendelea kupiga. Noti ile sijaitumia.

15. Ni kwa lugha gani?

Kiswahili. Bibi anasema Kipemba, wifi yake anasema Kiunguja cha mjini, na ugomvi wao nusu yake ni lafudhi. Wageni hupewa karatasi yenye muhtasari.

16. Mbona linaanza saa mbili usiku, na Ramadhani hulionyeshi?

Linaanza baada ya isha ili nisikatishwe na adhana wala nisiikatishe. Ramadhani napumzika, kama kila mtu. Nje ya hapo msimu mzuri ni wa matamasha: Sauti za Busara mwezi wa Februari na lile la filamu katikati ya mwaka, mji ukiwa umejaa.

17. Watoto?

Waje. Wasipewe biskuti zenye karatasi ya kuchakarisha.

18. Utalileta Pemba lini?

Nimelileta mara mbili, na mara zote nilitetemeka kuliko popote. Kule watu wanajua karafuu. Onyesho la kwanza mzee wa mstari wa mbele alisema kwa sauti, "Makonyo hayatupwi hivyo!" Alikuwa na haki, nami nimebadilisha mkono wangu tangu siku ile. Kikwazo ni usafiri: piano yangu ilipasuliwa ndani ya boti nikiwa na risiti ya mzigo mkononi, na mpaka leo kila dirisha ninalodai linanipeleka dirisha jengine. Nikipata piano ya kuazima upande wa Chake Chake, nakuja kesho.

## Kazi na mambo mazito

19. Unaishi kwa kazi hii?

Kwa hii peke yake, hapana. Nafundisha watoto, napiga kwenye hoteli wakati wa chakula cha usiku, napiga harusini. Onyesho linalipa gharama zake na mara nyengine nauli ya kurudi. Yule anayeniambia "utajulikana" badala ya bei, namwambia fundi wa taa naye ana watoto.

20. Ukoo wetu haupendi muziki kwa sababu ya dini. Utasemaje?

Sisemi kitu. Mjomba wangu mmoja ni hivyo. Hajawahi kuja, na simwombi. Ila yeye ndiye aliyenikalisha na kunitajia majina ya ukoo kwa vizazi saba, akijua ninakokwenda nayo. Tukimaliza hutaka nimsomee mswada, bila piano.

21. Nataka kutengeneza la ukoo wangu. Nianzie wapi?

Anza na mtu mmoja, usianze na ukoo. Tafuta kitu kimoja anachokishika: mbuzi ya kukunia nazi, cherehani, pishi. Kaa naye mikono ikiwa na kazi (swali la 7). Andika anavyosema, pamoja na makosa ya miaka (swali la 6). Omba ruhusa kabla hujapenda ulichoandika, kwa sababu ukishakipenda hutaomba kwa moyo mweupe (swali la 8).

Chombo chako kisiwe udhuru. Nimeona kijana akifanya kwa ngoma ya dumbak tu, na kwa nusu saa sikukumbuka kwamba piano iko duniani. Na usilifanye refu. Langu la kwanza lilikuwa la saa mbili na nusu, na waliobaki mpaka mwisho walikuwa jamaa zangu, ambao walikuwa wakisubiri kusikia wametajwa vipi.

22. Bibi mwenyewe aliwahi kuliona?

Jukwaani, hapana. Alifariki miezi michache kabla. Lakini aliwahi kuletwa mazoezini, na mtoto wa shangazi, kwa gari ya kukodi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, buibui hakulivua. Nikampigia wimbo wake, kwa fahari.

Akaniacha nimalize. Akasema, "Hapo sipo. Rudia."

Nikarudia. "Umepita." Nikasogea kibao cha chini. "Sasa hujafika." Nikamweleza, bibi, hapa katikati hapana kitu, chombo hiki ndivyo kilivyoundwa. Akainuka, akaja akainama, akaweka kidole kwenye ule ufa baina ya kibao cheupe na cheusi na kuubonyeza kwa nguvu, mara mbili, kama anayejaribu embe kama limeiva.

"Waliokiunda hawakuchambua karafuu," akasema. Kisha akauliza gari inaondoka saa ngapi.